Memori ya Kupimwa kwa Mzani wa Dhahabu

Zipora, mchapaji wa Ngokolo, Shinyanga, alikuwa na kompyuta iliyochoka. Aliinunua kwenye mradi mmoja wa maji uliofunga ofisi, akaiweka sebuleni kando ya kabati la vyombo. Alichapa kadi za harusi, ratiba za mazishi na risala za kuwaaga wastaafu. Kufikia mwaka 1997 ilikuwa nzito kiasi kwamba kadi za harusi ya Mageni, fundi cherehani wa jirani, zilitoka bwana harusi akiwa ameshakwenda kanisani.

Akaibeba hadi kwa Praful, mwenye duka la redio mjini. Praful alifungua boksi, akachungulia, akalifunga.

"Mama Loveness, usinunue diski wala skrini. Memori ndiyo haitoshi, kila kazi inapanga foleni." Akamwonyesha kibao chembamba chenye vidude vyeusi mgongoni na safu ya meno ukingoni. "Kipya utalia ukisikia bei. Lakini kuna kambi ya watafiti wa madini Geita imeuza kompyuta zake mbovu. Tafuta vibao kama hiki, vyenye karatasi iliyoandikwa nane. Vyenye moja waachie."

Zipora akapanda basi, akavuka kwa kivuko cha Busisi, akaingia Geita akiuliza. Kompyuta zote za kambi zilikuwa zimenunuliwa na Mwigulu, broka wa dhahabu. Alikuwa ameshazipasua na kutoa kila kilichong'aa.

"Shikamoo, kaka. Natafuta memori."

"Marahaba. Hapa tunauza dhahabu, dada. Hivyo vibao nasubiri zebaki ya kutolea dhahabu yake."

Alikubali kuuza, ila kwa mzani tu. Akaweka kibao upande mmoja, na upande wa pili sarafu na vijiti vya kiberiti. Vibao vyenye moja vilikuwa na meno ya dhahabu, na bei yake ilikuwa ya dhahabu. Vyenye nane vilikuwa na meno meupe.

"Hivi bati tupu," alisema Mwigulu kwa dharau. "Nawapa watoto wachezee."

"Basi nipe viwili."

Mwigulu akashusha mzani. Mtu ametoka Shinyanga, amekataa dhahabu, amechagua bati! Wachimbaji waliokuwa mlangoni wakasogea. Mmoja wao, Marselino, aliyekuwa na vumbi la duara, shimo la mgodi, mpaka kwenye kope, akakichukua kibao kingine akakinusa.

"Mzigo wa dhahabu umehamia kwenye hivi vidude vyeusi," alinong'ona. "Huyu mama anajua."

Zipora alieleza kwamba ni memori, kwamba inasaidia kuchapa. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumheshimu kwa kutunza siri. Alipopanda basi kurudi, Mwigulu na Marselino walikuwa wameketi kiti cha nyuma yake, kila mmoja akitazama dirishani kama mtu aendaye msibani.

Nyumbani hakuwa na namna, akawakaribisha chai. Akafungua boksi, akabana vibao mahali pake, akakaza skrubu.

"Amezika," Marselino alisema.

Zipora akawasha. Kama kawaida yake, kompyuta ilianza kwa kuhesabu memori. Namba zilipanda kwenye kioo, zikapita elfu nne ambapo zilizoea kukomea, zikaenda hadi elfu ishirini na ushei. Mwigulu akavua kofia.

"Gramu?"

"Siyo gramu, kaka. Ni nafasi ya kukumbuka."

"Ikumbuke nini?"

"Kadi za harusi."

Mwigulu akacheka kwa adabu, kama anayecheka mzaha wa mkwewe.

Wiki iliyofuata alirudi na kibao cha tatu chenye nane, zawadi. Kilipowekwa, namba zilifika elfu ishirini na nane, na macho yake yakalengwa na machozi. Tangu hapo ikawa kila Jumamosi analeta mgeni: mara baba mkwe, mara mfanyabiashara wa ng'ombe wa Isaka. Zipora alilazimika kuacha kazi, azime na kuwasha tena, wao wamesimama wakitazama namba zikipanda. Kompyuta sasa ilikuwa inakimbia, ila yeye hakupata nafasi ya kuitumia.

Mwishowe akamshika Mwigulu mkono mpaka kwa Praful. "Mtengenezee ya kwake."

Praful akachukua kalamu. "Ya kazi gani, mzee? Kuchapa?"

"Kuhesabu."

"Skrini ya rangi?"

"Namba haina rangi."

"Diski ya ukubwa gani?"

"Ya nini? Weka memori. Jaza."

"Na kibodi?"

Mwigulu aliisukuma kibodi pembeni. "Hayo mambo ya wachapaji."

Praful alimtazama Zipora. Zipora alitazama dari. Basi ikatengenezwa hivyo hivyo.

Siku ya kuizindua, Zipora alialikwa Geita akapewa kiti cha mbele. Duka lilijaa hadi barabarani. Kompyuta ikawashwa, ikahesabu mpaka ikafika mwisho, kisha ikatoa mstari wa Kiingereza. Mwigulu akamwinamia Zipora.

"Inasemaje?"

"Inasema haioni kibodi."

"Inalalamika?"

"Hapana. Inatoa taarifa tu."

Mwigulu akasimama, akawatangazia watu kwamba mashine imetoa taarifa. Duka likalipuka kwa makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, na Zipora akashtukia naye anapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko jirani yake.