Uso wa Yengi

Mimi Driciru napiga na kusafisha picha hapa Mvara, Arua, mwaka wa tisa huu, na watu wananisifu. Wangejua, wangenyamaza.

Jumatano asubuhi Natalina alinijia kutoka Koboko. Mumewe, Yengi, alikuwa amekufa chini ya lori lililopinduka, na mazishi yalikuwa kesho yake. Jeneza lilishapigiliwa misumari. Uso ulikuwa umepondeka, hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Kwetu picha kubwa hutangulia jeneza, lakini safari hii picha ndiyo ingekuwa uso wenyewe.

"Sister, nataka ile ya Krismasi, ile ulipiga wewe," alisema, akaweka simu yake mezani. "Fanya ikuwe kubwa. Mama yake anataka kuona yeye."

Niliikumbuka. Niliipiga kwa kamera nzuri, mlangoni mwa kanisa, Yengi akicheka, na kovu lake juu ya nyusi. Picha ile ya kwanza, nzito, yenye mamilioni ya nukta tunazoziita pikseli, ungeweza kuichapa hata ukubwa wa mlango. Nilimtumia Natalina nakala kwa WhatsApp, ikabanwa njiani ikawa nyepesi. Kisha nikafomati kadi ya kamera, nikafuta vyote vilivyokuwamo, ili niende nayo kwenye harusi kule Aroi, kwa sababu nilikuwa na kadi moja tu na sikutaka kununua ya pili. Ubahili wangu huo, wala sina wa kumlaumu.

Kwenye simu, picha nyepesi inapendeza. Ukiikuza ienee fremu, nukta ni zilezile chache, kila moja inanenepa, na uso unageuka vigae. Nikamwonyesha Natalina kwenye kompyuta.

"Ikiwa ya ukubwa wa kiganja, inatoka safi," nikamwambia.

Kasimiro, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja naye. Akakataa. "Mutu mukubwa kama huyu, picha ya kiganja? Watu watacheka sisi. Tengeneza."

Nilipaswa kukataa na mimi. Badala yake nikafungua ile programu ya kurekebisha picha mbovu. Programu hiyo hairudishi kilichopotea, inakisia. Ikakisia ngozi laini, macho makubwa, meno ya tangazo la dawa ya meno, na kovu ikalifuta kabisa. Kasimiro akafurahi. Natalina akaitazama kwa muda, akasema polepole, "Huyu si yeye." Shemeji yake akamwambia ni machozi tu yanamsumbua. Mimi nikabonyeza kitufe cha kuchapa.

Alhamisi niliipeleka fremu Koboko mwenyewe. Waombolezaji walisifu karatasi inavyong'aa, kisha wakampisha mama yake Yengi. Akaisogelea, akapitisha vidole kwenye kioo, paji la uso, mashavu, kidevu. Akanigeukia.

"Binti yangu, wewe ndiyo ulipiga picha. Hawa wamekataa kufungua sanduku. Niambie wewe. Huyu iko mutoto yangu?"

Kasimiro alinikazia macho.

"Ni yeye, mama."

"Basi mimi ndiyo nimesahau yeye," akasema, na akapiga magoti akaanza kuiomba ile picha msamaha.