Supu ya Mama Apiyo

Bia nyeusi iliingia nyumbani kwa Walter kwa mlango wa mbele, imefungwa kwa gazeti, na aliyeibeba ni Walter mwenyewe. Naye alikuwa mzee wa kanisa, tena kanisa la watu waliookoka, wanaoitazama hata soda kwa wasiwasi. Lakini mwaka huo wa themanini na saba mkewe Benta alikuwa amejifungua mapacha, Apiyo na Adongo, akapoteza damu hadi viganja vikawa vyeupe. Mkunga akasema anywe stauti, hiyo bia nyeusi, damu itarudi. Kila mtu Kisumu aliamini hivyo, na dawa ni dawa.

Mwanzoni Benta aliinywa akiwa ameziba pua, kwa kikombe cha plastiki, akikunja uso. Ilikuwa chungu kama ugali ulioungua. Halafu siku moja akaimeza huku anakula mbuta aliyekaushwa kwa moshi, na mambo yakabadilika. Uchungu wa bia ulikutana na moshi wa samaki, chumvi ikatulia, na nyuma ya ulimi kukabaki utamu fulani ambao hakuutarajia. Akakata kipande kingine, akanywa tena, polepole. Hakukunja uso. Hapo ndipo alipojua kwamba ana shida.

Damu ilirudi. Walter akamshukuru Mungu, akaacha kununua. Benta naye akamshukuru Mungu, akaanza kwenda mwenyewe kwenye dirisha la nyuma la baa ya karibu, kitambaa cha kanisa kichwani. Chupa tupu alizificha nyuma ya gunia la makaa. Alijaribu bia hiyo na omena, wale dagaa wa ziwani, haikupatana. Na samaki ngege wa kukaanga, afadhali. Lakini siku alipoimimina ndani ya sufuria ya mbuta na vitunguu, akaiacha ichemke hadi ikawa nzito, alikaa chini jikoni akalamba mwiko kama mtoto. Akajiambia kwamba moto umeshaua pombe yote. Alilipenda sana wazo hilo, kwa hiyo hakumuuliza mtu.

Tatizo lilikuwa Enos. Enos, mdogo wake Walter, alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni mpaka alipookoka. Sasa alilala chumba cha nyuma, mchana alisukuma mkokoteni sokoni, na sharti la kaka yake lilikuwa moja tu: tone likigusa mdomo wako, hapa si kwako tena. Jioni ile ya kwanza Enos alichovya ugali kwenye supu, akasita kidogo, akamtazama Benta. Kisha akala hadi akapangusa bakuli kwa kidole. Benta aliona yote. Alijiapiza kwamba hatapika tena hivyo. Wiki iliyofuata alipika tena, kwa sababu aliitaka yeye, na huo ndio ukweli wenyewe ambao hakuweza kuupeleka kwenye maombi.

Jumapili moja, baada ya ibada, Walter alisogeza gunia la makaa akitafuta panya. Akazipanga chupa mezani, mbele ya chakula, akamwita ndugu yake.

"Hizi machupa ni za nani?"

Enos alimtazama Benta. Benta alikuwa na mwiko mkononi, na jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Akainamia sufuria.

"Ni zangu," Enos alisema.

Walter hakupaza sauti. Alimwambia achukue nguo zake aende. Benta alimfuata hadi langoni, akamwuliza kwa nini amekubali kosa lisilo lake.

"Shemeji, mimi nilijua tangu ile supu ya kwanza," Enos alisema. "Ningeweza kukuambia wacha. Lakini kila jioni nilikuwa naomba tu upike tena. Sasa nitasema si zangu aje?"

Akaweka furushi begani, akashika njia. Benta alirudi ndani na aibu yake. Walter alikuwa ameshaanza kula, kwa sababu hasira humpa njaa. Alisema angalau sasa nyumba ni safi, akamega ugali, akachovya, akaisifu supu. Akaomba aongezewe.

Benta hakumwongezea.

"Baba Apiyo, hizo chupa ni zangu," alisema. "Na moja iko ndani ya hiyo samaki unakula. Enos amekuwa anakula hii kwa mkono wangu."

Mkono wa Walter ulibaki hewani. Mchuzi ukadondoka kwenye kitambaa cha meza. Alipoinuka, Benta alidhani atampiga, na akaona ni sawa tu. Lakini Walter alimpita, akatoka na malapa, akikimbia barabarani na shati la kanisa, akiliita jina la ndugu yake. Benta akamwachia jirani mapacha, akamfuata.

Hawakuhitaji kwenda mbali. Enos alikuwa amekaa kwenye baa ileile ya dirisha la nyuma, furushi chini ya kiti, chupa nyeusi imefunguliwa na nusu imekwisha, na sahani ya mbuta mbele yake. Macho yalikuwa yameshalegea. Walter alisimama mlangoni. Enos akampita kwa macho, akamtafuta Benta, akamsogezea sahani.

"Onja, shemeji," alisema. "Ya hapa haifiki yako."