Ua Nyuma ya Bega

Jirani alimletea mshonaji picha ya binti yake aliyehitimu masomo, akitaka asifiwe. Binti alikuwa amesimama mbele ya kitambaa cha kijivu, chenye nuru katikati na giza pembezoni, mfano wa vile vya studio kubwa.

"Mdogo wako fundi wa picha, shoga yangu!" jirani akasema. "Nani atajua kuwa hilo ni shuka lililopakwa rangi ya ukuta?"

Jicho la mshonaji lilikuwa limenasa juu ya bega la kushoto la binti, ambapo ua la zambarau lilichungulia katika ule ukungu wa kijivu, hafifu kama alama ya kikombe juu ya meza. Alilijua ua lile. Lilikuwa la pazia la chumbani kwa marehemu mama yake, pazia aliloachiwa yeye kwa kauli ya mama, na ambalo siku ya maziko lilitoweka dirishani zikabaki pete zake tu.

Siku ile alimshuku mtu mmoja. Mke wa mdogo wake ndiye aliyekuwa akilala chumbani mle akimuuguza mama; nani mwingine? Wifi yake alipoaga, mshonaji alimzuia mlangoni mbele ya jamaa, akampokonya mkoba, akaumwaga chini. Zikatoka funguo, kitana, na chupa tupu ya dawa ya mgonjwa. Wifi akaokota kimoja kimoja, akaenda zake, asikanyage tena pale. Dhana lakini ilibaki, ikala, ikanenepa. Pengine alilivaa ndani ya gauni. Pengine alilirusha dirishani akalifuata baadaye. Na sasa, hili hapa ua.

"Nilijua," akanong'ona. "Kaiba, kampelekea mumewe."

Akajitanda mtandio, akashika njia ya studio.

Alimkuta mdogo wake amepiga magoti sakafuni, akichovya sponji katika kopo la masalia ya rangi na kuigongagonga juu ya shuka la bluu. Mpiga picha alipomwona aliinuka upesi kupita kiasi.

"Dada! Leo jua limechomoza wapi?"

"Nimekuja kupigwa picha. Mbele ya lile la kijivu."

"Lile limechakaa. Ngoja hili likauke, litakupendeza."

"La kijivu, nimesema."

"Linafubaza uso, dada."

"Uso ni wangu."

La kijivu lilikuwa limening'inizwa kwenye bomba la plastiki, ukutani. Mshonaji hakusimama mbele yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye upindo, akaligeuza. Maua yote yakamtazama. Na pembeni, kwa uzi mwekundu, kilikuwapo kiraka alichokishona mwenyewe utotoni, mama akimwongoza mkono.

"La mtumba hilo," mpiga picha akasema. "Nililipata sokoni."

"Na kiraka changu ulikipata sokoni?"

Mpiga picha akainama kuokota sponji yake.

"Mkeo alikuletea lini?"

Akaikamua, ingawa haikuwa na kitu tena. Jibu lilikuwa jepesi, limeshaandaliwa na dada yake. Lilitaka kuitikiwa kwa kichwa tu. Mshonaji akaliona likimpitia usoni, na hapo shaka yake ikageuza njia.

"Si yeye," hatimaye mpiga picha akasema. "Ni mimi. Mashuka yote ni membamba, dada. Ukiunga mawili, mshono unatokea kwenye picha kama kovu. Pazia la mama lilikuwa pana, kipande kimoja. Nikajua wewe utalikata magauni."

"Ulilitoaje? Mlangoni nilikaa mwenyewe."

"Nililizungusha kwenye miguu ya kamera, ndani ya mfuko wake. Mikono yangu ilijaa, ukanifungulia mlango. Kisha ukaurudia mkoba wa mke wangu."

"Ukaniona nikiumwaga?"

"Nilikuona." Akaligusa lile ua. "Ningelipaka uji wa unga kwanza, uzibe maua, likauke, ndipo rangi. Niliharakisha. Sasa kila unyevu ukiingia, maua yanapanda juu."

"Unajutia uji?" dada akauliza, akatoka.

Nyumbani kwa mdogo wake, wifi alifungua mlango nusu, mkono umebaki kwenye kitasa.

"Ulijua?" mshonaji akauliza.

"Tangu alipoanza kulipaka. Nikamwambia, hili utalisema wewe, si mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini, wifi?"

Mshonaji akaketi kizingitini, akaufungua mkoba wake mwenyewe, akaumwaga chini: mkasi, futi, tasbihi, kikopo cha sindano, vifungo visivyo na wenzao.

"Nipekue," akasema. "Watu wanapita, na waone. Nilikudhania ubaya, nikakuvunjia heshima mbele ya jamaa. Naomba radhi."

Wifi akavitazama vile vitu.

"Mimi si askari. Okota, sindano zisije zikawachoma watoto wa watu."

Mshonaji akaokota kimoja kimoja, kichwa chini. Alipofika mwisho, aliona donge lake la uzi mwekundu limebingirika, likampita wifi yake miguuni, likaishia ndani chini ya kiti.

"Na lile?"

Wifi aligeuka akalitazama, kisha akauachia mlango.

"Lile ingia ulichukue mwenyewe."