Mwantum Aenda Kusomea Mifupa

Siku Bi Mishi alipomkabidhi mkwewe Mwantum chungu cha mafuta ya nyonyo, hakusema mengi. "Kuanzia leo nikiumwa mgongo, nakuita wewe." Kwa miaka saba Mwantum alikuwa amekaa nyuma ya mama mkwe wake huyo, akitazama anavyokanda wanawake waliojifungua na kuchua viuno vya vibarua wa reli ya Wadachi, yaani Wajerumani. Mkwe na mama mkwe wote wawili walikuwa Warangi wa Kondoa. Walihamia Dodoma pamoja na Shaaban, mume wa Mwantum, aliyepata kazi ya kulaza mataruma, yale magogo mazito ya chini ya reli. Sasa watu walianza kuja mlangoni wakimtaja Mwantum kwa jina lake mwenyewe.

Mguu wa Matonya ndio uliomwondolea furaha hiyo. Matonya alikuwa Mgogo wa Ipagala, na taruma lilimwangukia akiwa kazini. Mguu ulivimba, nao Mwantum akauchua kwa mafuta ya moto siku tatu, huku mgonjwa kauma kitambaa kwa maumivu. Kumbe chini ya uvimbe mfupa ulikuwa umevunjika. Ulipona umepinda. Matonya hakumlaumu hata siku moja. Kila alipopita na kibuyu chake cha maziwa, akiburuta mguu, alimsabahi kwa adabu, na salamu ile ilimchoma Mwantum kuliko matusi.

"Nataka kuongeza elimu," alimwambia Shaaban.

"Wapi?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Hospitali ya serikali ilifundisha watu kufunga vidonda, lakini alipokwenda kuuliza aliambiwa kwamba wanawake pale wanafua mashuka. Miyuji alikuwapo mama mmoja Mgogo, Mkristo, jina lake Zipora, mkunga aliyeweza kumgeuza mtoto aliyelala mkingamo tumboni kwa mikono mitupu. Na Kolo, huko kwao Kondoa, mwendo wa siku sita au saba, alikuwapo mzee Halfani, fundi wa kuunga mifupa.

Mwantum alianza kwa Zipora. "Nitakufundisha," mama yule alimwambia, "lakini usiniambie leo kwangu na kesho Kolo. Njia mbili zilimshinda fisi, mwanangu. Chagua moja uimalize."

Alichagua mifupa, kwa ajili ya mguu wa Matonya, asije akampindisha mwingine. Shaaban hakumzuia. Alimtafutia wachuuzi wa samli waliokuwa wakirudi Kondoa, akamsindikiza mpaka nje ya mji.

Mzee Halfani hakuwa na maneno ya kubembeleza. Alivunja chungu ndani ya gunia, akamwambia aingize mikono akiunge bila kutazama, kigae kwa kigae, mpaka duara litimie. Wiki tatu Mwantum alijikata vidole mle. "Mkono wako una haraka ya kufariji," mzee alisema. "Ujue kwanza palipovunjika." Baadaye alimpa miguu ya mbuzi, kisha watu. Katika mwezi wake wa sita pale, Mwantum aliunga mkono wa mchungaji mmoja, akaufunga kwa mabanzi ya mianzi, na ulipofunguliwa ulikuwa umenyooka. Mzee aliupapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yake.

Wiki hiyohiyo habari za vita vya Wadachi na Waingereza zilifika Kolo. Askari walikuja wakawachukua wana wote wawili wa Halfani kwenda kubeba mizigo. Mwantum alimuaga mzee aliyekuwa amekaa, gunia la vigae miguuni pake.

Alikuta Dodoma wanaume wanahesabiwa kwenda kubeba mizigo ya vita. Siku ya nne tangu arudi, alikuwa akipepeta mtama, Shaaban akaja akachuchumaa mbele yake.

"Wale wa Kondoa waliopelekwa mpakani hawarudi," alisema. "Matonya wamempita. Kilema hawamtaki."

"Najua."

"Wewe sasa unajua mfupa unavunjika wapi, na unaunga vipi. Mkono wa kushoto tu, mke wangu. Utauunga mwenyewe vita vikiisha."

Mwantum aliweka ungo chini. Alijua mahali penyewe, vidole vinne juu ya kiwiko cha mkono. Aliushika mkono wa mumewe, akaupapasa mpaka akapafikia, akauachia.

"Siwezi, Shaaban. Sikwenda Kolo kusomea kuvunja."

Shaaban aliinuka. Akaenda kumalizia kuufunga ua uliokuwa umeanguka. Keshokutwa yake ngoma ya boma ilipigwa, akaenda na wenzake wakiwa wamefungwa kamba moja, kila mmoja na sanduku la risasi kichwani.

Mwantum alimweleza Bi Mishi alichoombwa na mumewe. "Ungemvunja," Bi Mishi alisema. Hakulirudia tena neno hilo, wala hakumwita Mwantum tena kumkanda mgongo.

Mpagazi mmoja alirudi mwaka uliofuata, tumbo likimwendesha damu. Alisema alimwona Shaaban amekaa kando ya njia, miguu imevimba, na msafara haukusimama. Basi, habari iliishia hapo. Wanaume wa kuvunjika mifupa hawakuwapo tena mjini, na mabanzi ya mianzi yaliingiwa na dumuzi, yakatoboka.

Mwantum akaenda Miyuji.

"Umekuja," Zipora alisema.

"Nimekuja, mama. Nifundishe kuzalisha wanawake."

Alifundishwa kusoma tumbo kwa viganja: hapa kichwa, hapa mgongo, hapa miguu. Lakini mvua zilikuwa zimekataa, na serikali ilishachukua ng'ombe na mtama wa ghalani kulisha askari. Wanawake walikonda mpaka wakaacha kuziona siku zao. Msimu mzima ilipatikana mimba moja tu, ya Loisi, binti wa jirani. Mtoto alilala mkingamo. Zipora aliketi kando, akamwachia Mwantum kazi. Alimgeuza polepole, asubuhi nzima, mpaka akahisi kichwa kinateleza na kukaa mahali pake. Akazaliwa msichana, mzima, akalia. Kwa muda ule mfupi Mwantum alicheka, na Zipora akacheka naye.

Loisi hakuwa na maziwa. Walimkanda kifua kwa maji ya moto, wakamkamua, hakikutoka kitu. Siku ya nne walimzika mtoto nyuma ya nyumba.

Walipokwisha kunawa mikono, Zipora alisema, "Umeshakuwa mkunga. Sina la kukuongezea."

Mwantum aliitazama mikono yake. Ilijua kuchua, kuunga na kugeuza, na hapakuwa na mtu wa kumtibu kwayo. "Mama," aliuliza, "ile mizizi mnayochimba huko porini, ile yenye sumu, mnaipika vipi ikalika?"

"Inachemshwa mara tatu, maji yanamwagwa kila mara. Ukikosea unakufa."

"Hiyo nifundishe."

Zipora alichukua jembe, akampa yeye kikapu, wakashika njia ya vichakani.