Waya Nyuma ya Kabati la Morena

Wewe ulipita, usijifanye hukuona. Ulikuwa unashuka na mfuko wa takataka, mlango wa chini ukiwa wazi, na Bi Iside amesimama kizingitini na rimoti mkononi, anakuuliza kama kwako televisheni inaonyesha. Ukamjibu bila hata kupunguza mwendo: "Watakuwa wamebadilisha masafa, bibi. Tafuta chaneli upya." Ukatoka zako kuota jua.

Najua, kwa sababu tangu Mei sote tulimjibu hivyo, sisi wa mlango B, hapa Livorno. Mmoja alimwambia anunue betri. Mwingine akasema ni joto la bahari, likizidi linavuruga mawimbi. Msimamizi wa jengo akamletea barua kwamba antena ya pamoja juu ya paa "inafanya kazi ipasavyo" na kwamba fundi atapita Septemba. Septemba! Mimi huwa sisahau. Ni jengo hili hili ambalo mwaka 1987, kwenye mkutano wa wenye nyumba, watu walikataa kuweka reli ya kushikia kwenye zile ngazi tisa za mlangoni, eti itaharibu sura ya jengo. Waliopiga kura walikuwa kumi na mmoja, waliokataa saba, na majina yao ninayo mpaka leo.

Bi Iside alipasuliwa nyonga mwezi wa Machi. Hapandi ngazi wala hashuki. Televisheni yake inaonyesha vipande vipande, uso wa mtangazaji umekatwa miraba kama keki, halafu giza na maneno "hakuna mawimbi". Mwenyewe hakulalamika sana, mpaka ilipokaribia Jumapili ile ya Julai. Siku hiyo saa kumi na mbili jioni, chaneli ya mji ingerusha mbio za makasia moja kwa moja kutoka bandarini, na kwenye mtumbwi wa wanawake wa mtaa wetu alikuwamo Ambra, mjukuu wake, aliyemlea tangu ana miaka miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Tutakuletea simu, bibi, utamtazama humo," nilimwambia.

"Simu?" akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Mtoto nimemlisha mpaka ana mabega mapana kama mlango wa kanisa, halafu nimtazame kwenye kitu kidogo kama dagaa? Nenda kalale, Ilio."

Sikulala. Jumapili saa nane mchana nilichukua televisheni yangu ndogo, ile ninayoipeleka bustanini, nikaitia kwenye kapu la nguo pamoja na waya na bisibisi, nikaanza kupanda. Mambo haya nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa kupigwa shoti. Kwenye majengo ya umri wa hili letu, waya wa antena ni mmoja kwa kila upande wa ngazi. Unashuka kutoka paani, unaingia sebule ya ghorofa ya nne, unapita kwenye soketi, unashuka ya tatu, na kuendelea hivyo hivyo mpaka chini, kama watu wanaopokezana ndoo kuzima moto. Mmoja akiiweka ndoo chini, wote walio baada yake hawapati tone. Basi huna haja ya kulaumu masafa wala bahari. Unaanzia juu, unachomeka, unatazama, unashuka.

Ghorofa ya nne picha ilikuwa safi, wakanipa kahawa. Ya tatu kwa mwalimu mstaafu picha ilikuwa safi vilevile, naye akanipa kahawa, na huwezi kumkatalia mwalimu. Nilipofika ya pili moyo ulikuwa unapiga kama injini ya tagi inayovuta meli.

Argante alifungua akiwa na fulana ya ndani. Tumebeba magunia pamoja bandarini miaka thelathini, tumegoma pamoja, tumefukuzwa pamoja na kurudishwa pamoja.

"Kwangu iko safi kabisa," akasema. "Usijisumbue, nenda ya kwanza."

Nikaenda ya kwanza. Hata kapu sikulitua.

Anayekaa hapo ni Coumba, mama wa Kisenegali anayeuza mikanda na mikoba sokoni. Ana dishi lake la setilaiti barazani, anatazama stesheni za Dakar, soketi ya ukutani hajaigusa tangu ahamie. Alilisukuma kochi kwa nyonga, nikachomeka waya. Hakuna mawimbi.

"Mzee Ilio," akasema, "juu yapo, kwangu hayapo. Katikati anakaa nani?"

Nikaanza kukunja waya.

"Aa, kumbe unamwogopa Argante."

"Simwogopi. Ni rafiki yangu."

"Ndicho nilichosema."

Nikapanda tena, na yeye nyuma yangu, maana jambo hilo hakutaka kulikosa. Safari hii niliingia bila kukaribishwa. Argante na mkewe Morena walikuwa wamebomoa ukuta kati ya sebule na jiko, na mahali palipokuwa na soketi, karibu na dirisha la uani, sasa palisimama kabati jeupe linalogusa dari, lenye oveni tumboni.

"Argante, soketi ya antena iko wapi?"

"Ipi?"

"Argante!"

Akaangalia vidole vyake vya miguu. "Iko nyuma ya kabati. Ilikuwa imetokeza, kabati likawa halikai vizuri. Nikaiondoa."

"Na waya?"

"Nikaukata. Lakini nilizisokota zile ncha na kuzifunga kwa utepe! Sikuziacha ovyo."

"Umesema kwako iko safi!"

"Si ni safi? Natazama kwa intaneti."

Hapo nikapanda jukwaani. Niliwaambia kuhusu mwaka 1987, nikawaambia kuhusu watu wanaojipamba huku jirani anakaa gizani, na sauti yangu nina hakika ilifika bandarini. Morena alinisikiliza amekunja mikono mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza? Sasa nikuulize na mimi. Kabati hili lilipandishwa na nani? Nani alikuwa upande wa kushoto, mwezi wa Mei, anapiga kelele 'sukuma, sukuma, limekaribia'? Nani alikula sahani tatu za mchuzi wa samaki siku hiyo, akafuta mdomo na kusema jiko limependeza?"

Coumba akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilikuwa mimi. Nilisukuma kwa mikono hii, na waya ulikuwa unaning'inia mbele ya macho yangu.

"Basi tutoboe mgongo wa kabati," nikasema kwa sauti ndogo. "Tundu moja tu, la upana wa bakuli."

"Hutoboi. Jiko hili nimelisubiri miaka ishirini na sita."

Ilikuwa imegonga saa kumi na moja na robo. Dirisha la uani lilikuwa wazi, na uani kwetu huwezi kunong'ona bila jengo zima kukusikia. Sauti ya Bi Iside ikapanda kutoka chini.

"Morena! Usikubali wakuharibie jiko! Mimi nitafungua dirisha tu. Upepo ukiwa mzuri nasikia kelele za watu bandarini. Wakishangilia sana nitajua ni wetu."

Morena alibaki akilitazama kabati lake. Kisha akafungua mlango wa chini, akaanza kutoa sufuria moja moja na kumkabidhi mumewe, hata hamtazami.

"Lete drili."

"Morena, mke wangu, ngoja niki..."

"Wewe umeshakata vya kutosha. Lete drili."

Alitoboa mwenyewe, amepiga magoti, kichwa ndani ya kabati, vumbi jeupe likimjaa nywele. Tundu lilipofunguka, ncha mbili za waya zikaonekana zimesokotwa, utepe umeyeyuka kwa joto la oveni. Kila walipooka, Bi Iside alikosa taarifa ya habari.

Nikatoa soketi mpya niliyokuwa nayo kapuni, nikaifunga kwa madaha, nikachomeka televisheni yangu. Picha safi! Argante akapiga makofi. Coumba akakimbia chini kwake na baada ya dakika akapaza sauti dirishani: "Hapa bado ni kaburi!"

Nikageuza soketi, nikasoma maandishi ya nyuma. Ilikuwa soketi ya mwisho wa njia, ile inayofunga mawimbi yasiende mbele. Nilikuwa nimefanya kosa la Argante kwa vifaa vipya.

"Mtaalamu," akasema Argante.

"Funga mdomo wako na ushike tochi."

Soketi ya kupitisha sikuwa nayo, na Jumapili duka gani liko wazi? Nikaachana na soketi. Nikamenya ncha zote mbili vizuri, nikazivalisha plagi za kukaza kwa kuzungusha, nikaziunganisha moja kwa moja kwa kiunganishi cha shaba. Saa kumi na mbili kasoro dakika nne.

"Coumba! Sasa?"

"Ipo! Ipo, wallahi!"

"Bi Iside! Sasa?"

Kisha tukasikia rimoti ikigongwa mezani, kama kawaida yake.

"Bi Iside!"

"Naona maji!" ile sauti ikapanda uani, imepasuka. "Naona maji! Naona mitumbwi! Nyamazeni, nyote nyamazeni, naona mabega yake!"

Tulishuka wote, Morena na vumbi lake kichwani, mwalimu wa ghorofa ya tatu na chupa, Coumba na sahani ya maandazi ya samaki. Tukasimama nyuma ya kiti cha Bi Iside kwa sababu chumba hakitoshi. Alipiga makasia na yule msichana kila hatua, mikono yake mikavu ikienda mbele na nyuma juu ya shuka la magotini. "Vuta, vuta, mshenzi wangu, vuta!" Wetu walimaliza wa nne kati ya mitumbwi minane. Bi Iside akatangaza kwamba waamuzi wamenunuliwa, akadai glasi ijazwe, na akatukataza kuondoka kabla hawajaonyesha tena mwanzo.

Haikuhitaji serikali, wala fundi, wala Septemba. Jioni moja ilitosha, na mwanamke mmoja aliyekubali kutoboa kitu chake. Miezi miwili na nusu yule bibi alikaa mbele ya kioo cheusi, na kosa lilikuwa mita sita juu ya kichwa chake, kwa watu wanaompenda.

Na wewe unayesoma, kwako pia kuna waya unaopita ukutani kwenda kwa mwingine. Usiningoje mimi, wala usiitishe mkutano. Inuka ulipo. Vuta kochi, sogeza kabati, tazama ulichokikata. Halafu shuka kwa anayekaa chini yako, ingia ndani, simama mbele ya televisheni yake na uitazame kwa macho yako mpaka picha itulie. Leo. Vaa viatu uende.