Sifuri na Mkato

Houda alipoona sifuri zimejipanga kwenye skrini toka juu mpaka chini, hakulia. Alikasirika. Mkaa usionyonya maji! Nani amewahi kuuona? Kila mwanamke wa mtaa wa Buyenzi mwenye jiko la imbabura anajua gunia likilala kwenye unyevu, asubuhi atapuliza mpaka macho yawe mekundu. Lakini kompyuta ilishikilia lake: yale matundu madogo ya mkaa wa maganda ya chikichi, aliyoyajenga humo ndani kwa hesabu, yalikuwa makavu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Kompyuta inajaribu kuingiza molekuli moja ya maji tunduni, inapima kama itakaa au itatoka, halafu inajaribu tena, mara mamilioni. Ilikula wiki na wiki. Nchi ilikuwa vitani, umeme ulikuwa wa kubahatisha, vikwazo vya nchi jirani vimekausha mafuta mji mzima, na jenereta ya chuo iliendeshwa kwa petroli ya magendo kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, ambayo Faruk, kaka yake fundi magari, aliibeba kwenye vidumu huku akilaani. Petroli hiyo sasa ilikuwa imekwisha, na kesho Houda alitakiwa kuitetea kazi yake mbele ya jopo. Asipopita kesho, basi mpaka mwakani, na kwa vita vile, mwakani nani aliyekuwa na uhakika nao?

Gélase akaingia. Huyu ni msaidizi wa profesa, mshika ufunguo wa chumba cha kompyuta, shati limenyooka kwa pasi.

"Gélase, nani aligusa fichier yangu ya namba?"

"Ni mi. Nilikutengenezea. Uliandika namba na point kama Waingereza. Huku kwetu ni virgule, Houda. Jury ingekucheka."

Alisema hivyo kwa fahari, akingoja asante.

Houda akaelewa. Shuleni wote walifundishwa kwa Kifaransa kuweka mkato: 0,41. Programu ile ilitungwa na watu wa nukta. Ikifika kwenye mkato inachukua sifuri na kutupa kinachofuata. Na hiyo 0.41 ndiyo ilikuwa chaji ya umeme inayozifanya molekuli za maji zishikane na kujishikiza kwenye kuta za mkaa. Gélase alikuwa ameyakata maji mikono, na maji yasiyoshikana hayakai tunduni.

"Uliniuliza?" Houda alipaza sauti. "Nani alikutuma? Petroli yote ya Faruk imeenda juu ya virgule!"

"Usinipigie makelele. Mi ni assistant."

"Assistant wa nini? Wa kuharibu?"

Kelele zikamleta Profesa Ildephonse, msimamizi wa kazi yake. Akasikiliza, akatazama skrini, akafunga mlango taratibu.

"Mutoto yangu," alisema, "mafuta ya kuanza tena iko wapi? Chora tu courbe, ile mustari ya mayi, vile inapaswa kuwa. We unajua makala ya imbabura inanywa mayi. Mi najua. Nani atauliza?"

Hakuona haya hata kidogo. Gélase akaitikia kwa kichwa haraka haraka.

Hilo ndilo lililomchoma Houda kuliko mkato wenyewe. Mji mzima uliishi hivyo: watu walikuwa wanajua tayari. Ukisimamishwa barabarani, wenye bunduki wameshajua wewe ni wa upande gani kabla hujafungua mdomo, na mtu alikufa kwa kujuliwa namna hiyo. Alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga, akawahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Kesho yake, mbele ya jopo, akabandika ubaoni sifuri zake zote, akaeleza zilivyopatikana. Hakuchora kitu kingine. Profesa, naye akiwa kwenye jopo, alikuwa anamkazia macho. Bi Spès, mwenyekiti wa jopo, akauliza kwa Kifaransa kilichopangika vizuri: basi hitimisho ni nini, mkaa huu unanyonya maji au haunyonyi?

Houda alikuwa na jibu la Kifaransa. Hasira ikalitoa kwa lugha ya kwao Buyenzi.

"Mi sijui. Namba iliharibiwa mbele ya kuhesabu. Na ninyi hapo hamujui. Apana hata mutu moja."

Wakanong'ona kwa muda mrefu. Kisha wakaandika kwamba arudi mwakani, na Profesa Ildephonse ndiye aliyetia saini wa kwanza.