Kosa la Viatu

Filamu ya Kabiru ilikuwa na makosa mengi kuliko risasi, na risasi zenyewe hazikuwa na idadi. Bastola ilikuwa moja tu, na sikuona mtu akiijaza hata mara moja. Shujaa alichanjwa shavu la kushoto akiwa kwetu mtaani Ziwani, akafika mtaa wa Buruburu kovu limehamia la kulia. Fulana yake ilirowa damu mbele ya kibanda cha mboga, akapinda kona, ikatokea upande wa pili nyeupe kama ya mtoto wa kipaimara. Jambazi wa tatu aliuawa juu ya paa, tukamwona akianguka kwa macho yetu, na baadaye huyo huyo yuko nyuma ya shujaa ananunua muhogo wa kuchoma, tena anacheka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane ukutani. Karibu mtaa wetu mzima ulikuwa pale, na kila kosa lilipotokea walifurahi kuliko walivyofurahia mapigano.

"Buda, huyo si ulishamuua?" kijana mmoja akamuuliza shujaa wa ukutani.

"Amefufuka juu ya njaa," mwenzake akamjibu.

Mimi sikucheka. Filamu ile, iliyoitwa Ziwani Haisahau, ilimhusu ndugu yangu.

Kim alikuwa mdogo wangu, wa mwisho kwetu. Aliuawa miaka miwili iliyopita, asubuhi, kwenye uwanja wa mabomba ya maji nyuma ya nyumba zetu. Mwanamke mmoja barabarani alikosa simu yake akapiga kelele za mwizi, na Kim alikuwa anakimbia kwa sababu amechelewa kazini. Basi. Simu ilipatikana jioni ndani ya kikapu cha mwenyewe, chini ya sukuma wiki. Mimi nilikuwa saluni nikisuka mtu. Nilipofika, uwanja ulikuwa umebaki na Kim peke yake.

Askari walipokuja kuuliza, mtaa mzima haukuwepo. Mmoja alikuwa kanisani, siku ya Jumanne. Mwingine alikuwa Nyeri kwa shemeji. Mama Jacky, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa sokoni Gikomba. Hawa hawa ndio waliochangisha pesa za jeneza, wakaimba kwenye matanga mpaka sauti zikakauka. Mama Jacky alilala na mimi sakafuni siku zote za matanga, akinishika mkono nikishtuka usingizini. Nilimpenda kama mama, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kabiru alikuwa rafiki ya Kim tangu utotoni. Alipokuja kuniomba ruhusa atengeneze filamu, nilimwambia sitaki hata shilingi yake. Nilitaka kitu kimoja: aonyeshe kwamba waliomuua ni majirani. Nilitaka mtu mmoja tu akae kwenye kiti, ajione ukutani, halafu aje aniambie, "Wanja, nilikuwa pale." Sikutaka afungwe. Nilitaka niache kuwasalimia watu asubuhi huku nikijiuliza ni nani kati yao. Kabiru akaapa kwa jina la mama yake.

Kumbe kiapo cha mtu wa filamu hakina tofauti na bastola yake. Aliweka tajiri mwenye koti la ngozi, Januari, jua la Nairobi likiwaka, ambaye anawahonga watu wa mtaa wamwite Kim mwizi. Mimi nikageuzwa mwanamume mwenye misuli anayewawinda tajiri na vijana wake mmoja mmoja. Majirani wakabaki watu wema waliodanganywa. Nilipomuuliza alijikuna kichwa.

"Wanja, hawa watu ndio wamenipea nyumba zao nishuti ndani. Nikiwaita wauaji, nitashuti wapi?"

Zaidi ya hapo, wao wenyewe ndio waliocheza lile kundi linalopiga. Aliwalipa soda na mkate.

Basi ikafika hiyo sehemu. Aliyecheza Kim ni kijana wa Pumwani anayeitwa Hirad, mpole, hata kuanguka anaanguka kwa adabu. Akaanguka amevaa raba nyeupe. Kundi likamfunika, mikono ikapanda ikashuka. Lilipofunguka, Hirad alikuwa na soksi tu. Picha iliyofuata, amebebwa, raba nyeupe ziko miguuni tena.

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko.

"Viatu zimeenda wapi?"

"Zilienda kuoshwa! Ona, zimerudi!"

Kabiru, kando ya mashine yake, alifunika uso kwa mikono, naye anacheka kwa aibu.

Kim alifika mochari na soksi tu. Sikuwahi kumwambia Kabiru wala mtu yeyote, kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake, mtoto aliyependa viatu kiasi kile kuzikwa bila hata kimoja. Nilidhani vijana wa mkokoteni waliombeba ndio walioiba. Miaka miwili nimewalaani watu ambao huenda hawakunikosea.

Mama Jacky, aliyekaa kando yangu, alinifinya goti. "Umeniona? Hapo chini, mwenye kitambaa ya blue. Ni mimi nilimtoa hizo viatu."

"Kabiru ndiye alikwambia umtoe?"

"Kabiru anajua nini? Hao walikuwa wanapiga tu ovyo. Mwizi unamtoa viatu kwanza. Ukimwachia anaamka, anakimbia, mnabaki mkiangaliana."

Aliniambia hivyo bila kupunguza sauti, jinsi angenieleza namna ya kukanda unga wa chapati.

"Na Kim?" nikamuuliza. "Yeye pia ni wewe ulimtoa?"

Kicheko kilimtoka usoni. Ukutani shujaa alikuwa anapiga mtu kwa kiti, na mkono wa Mama Jacky ulikuwa bado juu ya goti langu. Nilingoja aseme alikuwa Gikomba. Nilitaka sana aseme hivyo.

"Uso ilikuwa imejaa damu, mami," akasema polepole. "Ningejuaje ni yeye?"

Niliutoa mkono wake nikauweka kwenye goti lake mwenyewe. Nilikuwa nimelitamani neno hilo miaka miwili, na lilipokuja lilitoka kwa mtu ambaye sikuwahi kumweka hata kwenye mashaka yangu ya usiku. Nilimchukia hapo hapo, na bado nilitaka anishike mkono.

Tajiri alichomwa moto pamoja na koti lake, watu wakapiga makofi, mablanketi yakashushwa. Kabiru akaniita mbele, kama tulivyopatana, niwashukuru majirani kwa niaba ya familia. Nikachukua maiki.

"Tajiri hakuwepo," nikasema. "Kim alipigwa na nyinyi. Viatu alivuliwa na Mama Jacky, ameniambia sasa hivi. Wengine mnajijua. Nilitaka mmoja tu aniambie, na ameniambia. Waliobaki nawangoja."

Watu waliangalia chini. Mama Jacky alikuwa anakunja na kukunjua kona ya leso yake. Kisha mzee Ochola, fundi wa viti anayeheshimika mtaani, akasimama nyuma kabisa.

"Dada, pole sana. Uchungu tunaujua. Lakini hiyo ni muvi tu. Si hata viatu zilirudi?"

Mtu akacheka kidogo, mwingine akafuata, na ukumbi mzima ukapumua. Wakaanza kupanga viti.

Siku mbili baadaye Kabiru alikuja kwangu, akakataa kukaa.

"Watu wamekasirika, Wanja. Wanasema hiyo kosa ndiyo imeleta maneno. Nairudia hiyo sehemu, nairekebisha."

"Hicho ndicho kitu pekee cha kweli umeweka kwenye filamu yako."

"Najua," akasema. "Lakini ni kosa."

Jumapili, baada ya kanisa, walikusanyika tena kwenye uwanja wa mabomba. Dirisha la jikoni kwangu linatazama huko. Walikuja wote, hata aliyekuwa Nyeri. Mama Jacky alikuwa na kitambaa kile kile cha buluu, kwa sababu Kabiru alitaka picha mpya iungane na ya zamani, lakini alimsimamisha nyuma, mikono mgongoni.

"Viatu zisiguswe," Kabiru akatangaza. "Tumeelewana?"

Wakaitikia wote kwa pamoja. Hirad akakimbia, mwanamke akapiga kelele za mwizi, na nilisikia miguu ya majirani zangu ikimkimbilia. Nilishika ukingo wa sinki. Walimpiga wakarudia, wakarudia tena, kila mara wakiwa bora zaidi, mpaka Kabiru akasema sasa hakuna kosa.

Kundi likafunguka. Hirad akaamka, akajipangusa vumbi, akapewa soda.